Sheria ndogo za mabaraza: nani ana mamlaka Manibe?

Manibe ilikuwa kaunti ndogo ya Wilaya ya Arua hadi Julai 2020, Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Sasa imo katika Divisheni ya Ayivu. Badiliko hilo lamhusu kila auzaye bidhaa kando ya barabara, afugaye mbuzi au afunguaye kilabu cha pombe: nani hutunga kanuni za mwenendo hadharani?

Kifungu cha 206 cha Katiba ya Uganda ya 1995, pamoja na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, huyapa mabaraza mamlaka hayo kwa ngazi. Mswada wa baraza la wilaya huhakikiwa na Mwanasheria Mkuu. Mabaraza ya chini, hata la kijiji, hutunga sheria ndogo zisizopingana na Katiba, sheria za Bunge wala za baraza lililo juu yao. Adhabu iliyowekewa kikomo na sheria hiyo ni faini ya shilingi 40,000, kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili.

Basi, agizo la mdomo la kiongozi si sheria. Kifungu cha 28 cha Katiba chakataza kumhukumu mtu kwa kosa ambalo sheria haikulifafanua wala kulitajia adhabu. Atozwaye faini na aulize: ni sheria ipi, ilipitishwa na baraza gani, na stakabadhi iko wapi?