Muziki wa Nafsi

Yeyote apendaye kutafuta nyimbo mpya anajua kwamba siku yake ni Ijumaa, kwa kuwa tangu Julai 2015 makampuni ya muziki ya ulimwengu yamepatana kutoa kazi zao siku hiyo moja, ambapo zamani Waingereza walitoa zao Jumatatu na Wamarekani Jumanne. Nami Ijumaa usiku, shughuli zikiisha, huketi na simu yangu nikasikiliza. Na katika majina ambayo nyimbo hupangwa chini yake, mawili hunishughulisha kuliko yote, nayo ni soul na indie, ambayo vijana wetu huyatamka kila uchao pasipo kuulizana maana yake kwa Kiswahili.

Neno soul hubeba peke yake maana ambayo sisi tumeigawa kwa maneno mawili yaliyotujia kutoka Kiarabu, yaani roho na nafsi. Mwenye haraka atashika roho, na kosa lake si dogo. Kwani roho kwetu, iwe msikitini au kanisani, ni amana ya Mwenyezi Mungu itakayorejea kwake, na nyimbo za kiroho ni nyimbo za ibada, ilhali nafsi ni mtu mwenyewe na matamanio yake, yule ambaye walimu wetu wa chuoni walitufunza kumpiga vita, apendaye, aonaye wivu, ajutaye usiku wa manane.

Sasa na tutazame asili ya muziki wenyewe. Novemba 1954, mjini Atlanta, Marekani, mwimbaji Ray Charles alirekodi I Got a Woman, wimbo ambao mahadhi yake yalitokana na wimbo wa injili wa siku zile, na pale alipokuwa akitajwa Yesu pakatajwa mwanamke. Walikuwako waumini waliochukizwa mno. Miaka mitatu baadaye Sam Cooke, aliyekuwa nguzo ya kundi la injili la Soul Stirrers, akageukia nyimbo za mapenzi. Kisha akaja Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit, aliyelelewa akiimba katika kanisa la babake. Hawa wote walichukua ufundi wa kanisani, kule kupaza na kuitikiwa, kule kulia ndani ya sauti, wakabadilisha kitu kimoja tu: yule anayeimbiwa. Muziki ulitoka kwenye roho ukahamia kwenye nafsi, na kwa sababu hiyo, bila kusita, nauita muziki wa nafsi.

Atakayesema tuliache neno kama lilivyo na kuliandika kwa matamshi yetu, namkumbusha kwamba soli ni mali ya mshona viatu. Fauka ya hayo, deni letu kwa neno hili ni la siku nyingi. Gazeti la Billboard la Marekani liliiita orodha yake ya nyimbo za Weusi kwa jina la soul mnamo Agosti 1969, na Novemba ya mwaka ule ule muziki huo ukapigwa marufuku mjini Dar es Salaam, kwa hofu ya utamaduni wa vijana kuharibika. Tulilihukumu neno kabla ya kulifasiri, na kulifasiri hatujalifasiri hata leo.

Ama indie, ni kipande cha neno lenye maana ya asiyemtegemea mtu, na hapa lugha yetu ina hazina tayari: kujitegemea. Naliona bora kuliko huru, maana uhuru huuliza nani anakutawala, na kujitegemea huuliza nani anakulipia, na jambo lenyewe lilikuwa la malipo. Januari 1977 vijana wa Manchester, kundi la Buzzcocks, walikopa fedha kwa jamaa na marafiki wakatoa santuri yao wenyewe. Na orodha ya santuri za namna hiyo ilipoanzishwa Uingereza mwaka 1980, sharti halikuwa sauti ya wimbo bali njia iliyoufikisha dukani, isiwe mali ya makampuni makubwa. Baadaye ndipo neno lilipogeuka likawa jina la ladha, magitaa ya kulialia na sauti ya haya, hata leo mtu aweza kuitwa indie naye analipiwa kila kitu na kampuni kubwa.

Majina haya mawili, basi, hayapingani. Kampuni ya muziki ya Motown ya Detroit ilianza mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa jamaa za mwanzilishi wake, Berry Gordy; ilikuwa ya nafsi na ya kujitegemea pamoja. Mwimbaji Michael Kiwanuka, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Uganda na kutunukiwa tuzo ya muziki ya Mercury mwaka 2020, ni wa nafsi hasa, lakini lebo yake, Polydor, ni tawi la kampuni kubwa ya Universal. Naye Sharon Jones, mwimbaji wa nafsi vilevile, alikuwa amepita miaka 40 alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2002, kwa lebo ndogo ya Daptone ya Brooklyn, isiyokuwa chini ya mkubwa yeyote.

Tangu nilipoielewa tofauti hii, nikipendezwa na wimbo huangalia kwanza nani aliyeulipia, nikaifuata lebo yake. Ni kwa kuifuata Daptone nilikokutana na Charles Bradley, mzee aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 62, na sauti yake ilipopanda kama ya mtu anayeomba asiachwe, niliuweka wimbo tena toka mwanzo, na usiku ule sikutafuta mwingine.