Flashi ya kamera: nguvu, fidia au rekebisho?

flashi *nm* [i-/zi-] 1 taa ya kamera inayowaka kwa muda mfupi sana ili kuongeza mwanga picha inapopigwa. 2 kifaa kidogo cha kuhifadhia data kinachochomekwa kwenye kompyuta.

Kwa kuwa maana ya pili imeenea sana, mwandishi wa masuala ya upigaji picha hana budi kutaja *flashi ya kamera* mara ya kwanza. Baada ya hapo *flashi* pekee inatosha. Inayopachikwa juu ya kamera ni *flashi ya nje*. Kitenzi kifaacho ni *kuwaka*. *Kulipuka* kiepukwe katika maelekezo, kwani msomaji anaweza kudhani betri zimepasuka.

Kwa nini si «fidia»?

Katika matumizi ya kawaida, *fidia* ni malipo ya aliyepata hasara: fidia ya ardhi, fidia ya ajali. Kitenzi *kufidia* kina mawanda mapana zaidi. Twasema *kufidia upungufu* au *kufidia muda uliopotea*. Hata hivyo, katika mifano yote hiyo kuna kilichopungua, na anayefidia huongeza. Mpiga picha huhitaji kupunguza mwanga kama anavyohitaji kuuongeza, na «fidia ya kupunguza» ni maneno yanayopingana. *Rekebisho* [li-/ya-] hubeba pande zote mbili: *rekebisho la +1*, *rekebisho la −1*. *Urekebishaji* ubaki kuwa jina la tendo lenyewe.

Mipangilio mitatu, majina matatu

1. *Nguvu ya flashi*: kiasi ambacho mtumiaji hukipanga mwenyewe kwa mkono, kwa mfano 1/1, 1/2 au 1/4 ya uwezo wote wa taa.
2. *Rekebisho la flashi*: agizo kwa mfumo unaojipimia mwanga kupitia lenzi (TTL) kwamba uongeze au upunguze kiasi ulichokikokotoa. +1 huongeza mwanga wa flashi mara mbili. −1 huupunguza kwa nusu. Alama yake kwa kawaida ni radi yenye +/−.
3. *Rekebisho la mwanga wa picha*: agizo kwa kamera yenyewe. Alama yake ni +/− bila radi.

Mfasiri akiyaita yote «kuongeza mwanga», msomaji atageuza kitufe kisicho chake. Athari hutofautiana hata kati ya watengenezaji. Katika kamera za Canon, rekebisho lililowekwa kwenye flashi ya nje hulitangua lile la flashi lililowekwa kwenye kamera. Katika Nikon, hayo mawili hujumlishwa. Kwa hiyo sentensi «weka +1» haitoshi. Itajwe ni rekebisho lipi na linawekwa kwenye kifaa kipi.

Katika maelekezo ya utatuzi

Tuchukue picha ya bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe. Kipimo cha kamera huchukulia kuwa kinachopigwa picha kina wastani wa kijivu. Weupe ukijaa kwenye fremu, mfumo hudhani mwanga umezidi na kuipunguza flashi. Kanzu huwa ya kijivu na uso huwa giza. Dawa ni rekebisho la flashi la kuongeza. Kwa buibui jeusi hali ni kinyume: flashi huzidi, uso huungua, na rekebisho linalotakiwa ni la kupunguza.

Rekebisho likiwekwa na picha isibadilike, maelekezo mazuri yataje sababu kwa mpangilio huu:

- *Flashi imepangwa kwa mkono.* Hapo nguvu imekwisha kuamuliwa, na rekebisho halina la kurekebisha. Irudishwe kwenye TTL.
- *Flashi na kamera haziwasiliani.* Flashi isiyotumia mfumo wa kamera hiyo huwaka, lakini haipokei agizo la kiasi.
- *Flashi imefika kikomo.* Ikiwa tayari inatoa nguvu yake yote, +1 haina pa kuongeza. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Kuuelekeza darini huupunguza zaidi. Mpiga picha asogee au aongeze ISO.
- *Rekebisho la zamani limebaki.* Hili huleta kosa la kinyume: picha hubadilika bila kuagizwa. Kabla ya kazi mpya, thamani irudishwe sifuri kwenye kamera na kwenye flashi.

Linganisha

*Hafifu:* Ongeza fidia ya mwanga ikiwa picha ni giza.

*Bora:* Ikiwa uso umekuwa giza ilhali mandhari ya nyuma yanaonekana vizuri, weka rekebisho la flashi kuwa +1 kwenye flashi ya nje.

Sentensi ya pili ni ndefu, lakini inataja dalili, mpangilio, kiasi na mahali. Mtumiaji aliyeshika kamera mbele ya maharusi hana nafasi ya kukisia.