Shinyanga: kupiga picha kitu ambacho hakipo

Ukiwa na kamera na Jumamosi isiyo na kazi, kila mtu atakwambia nenda Bagamoyo. Au Kilwa, kama una nauli. Mimi Jumamosi zangu nazipeleka Shinyanga, na rafiki zangu wa Dar hawaishi kunicheka: huko kuna nini cha kupiga picha zaidi ya vumbi?

Haya, tuanze na hilo hilo vumbi.

Nje kidogo ya mji kuna Old Shinyanga. Miaka ya 1920 sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa vichaka, na vichaka vilikuwa na mbung'o. Ng'ombe walikufa kwa nagana, na Msukuma bila ng'ombe... unajua mwenyewe. Mwingereza Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, aliamini kwamba ukifyeka kichaka umemfukuza mbung'o. Mtemi Makwaia wa Busiha alikubaliana naye. Maelfu ya watu wakaingia porini na mashoka na moto. Old Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o. Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kidaha, mtoto wa Makwaia, mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Kwa hiyo ule uwanda mtupu tunaouita "asili ya Shinyanga" sehemu yake ni kazi ya mikono! Si mashoka ya mbung'o peke yake, tusimsingizie Swynnerton kila kitu. Pamba ilikula miti, kuni zikala, mifugo ikaongezeka, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawaondoa watu kwenye ngitili zao. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Mtu aliyehamishiwa kijiji kingine atailinda ngitili ya nani?

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Dawa haikuwa ya kigeni. Wazee walikuwa nayo siku zote.

Ndiyo maana picha ninayoipenda kuliko zote haina jengo. Ni mpaka wa ngitili: upande mmoja udongo mtupu, upande wa pili migunga na nyasi. Kwangu mimi hilo ni gofu la kihistoria sawa na msikiti wa Kilwa, ila hili linaota.

Mwadui ni habari nyingine. Unashuka Maganzo, mji wa madalali wa almasi, na kuzunguka hapo tu utasikia hadithi za kutosha siku nzima. Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana ile ya waridi ya karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaifanya kitovu cha ua la bruchi. Picha za bruchi hiyo ni nyingi duniani. Jiulize umewahi kuona picha ngapi za wachimbaji wa Mwadui wa mwaka huo wa 1947, tena zenye majina yao chini.

Geita nakwenda mara chache, ni mbali na migodini huingii na kamera bila kibali. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Mgodi wa wazi ukipanuka unameza kilichokuwa juu yake, iwe njia, mti wa kikao au kaburi. Nikifika huko natafuta kwanza wazee waliofanya kazi kabla ya 1966. Wachache waliobaki wana miaka themanini na kitu. Napiga sura, naandika jina la mahali na tarehe nyuma ya picha, halafu naacha nakala nyumbani kwao.