Ruzuku zilivyoisimamisha Green Belt

WAFADHILI wengi hupenda kugharimia kazi inayoonekana kwa macho: miche, visima, mizinga ya nyuki. Kodi ya ofisi na mishahara huachiwa shirika lijitafutie.

Green Belt Movement, iliyoasisiwa na marehemu Prof Wangari Maathai mnamo 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, ilisuasua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapo ndipo ilipopata msaada wa Chama cha Misitu cha Norway na mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake. Fedha hizo ziliwezesha kuwepo mratibu anayelipwa. Kina mama vijijini nao walipewa senti chache kwa kila mche ulioshika, malipo madogo mno, lakini yaliyohitaji mtu wa kuzuru mashamba, kuhesabu na kuweka kumbukumbu. Bila mishahara, hesabu hiyo isingewezekana.

Mnamo 1989, Prof Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, serikali iliifukuza Green Belt kutoka ofisi zake. Wafanyakazi walihamia nyumbani kwake mtaani South C, wakakaa humo miaka kadhaa.

Vikundi vidogo navyo huweza kuomba Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, ulioanzishwa 1992 na kusimamiwa na UNDP. Maombi huamuliwa na kamati ya kitaifa, ambayo wengi wa wanachama wake si maafisa wa serikali. Kikundi hutarajiwa kuchangia pia, hata kwa nguvu za mikono.