Hadithi ya Shule na Pengo la Sayansi: Mfano wa Kitale na Bungoma

Hadithi ya shule katika fasihi ya watoto ya Kiswahili nchini Kenya ililelewa na mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi, na wachapishaji wakapata soko la hakika hata mahali ambapo lugha hiyo haikuwa ya nyumbani. Kitale na Bungoma ni mahali pa namna hiyo. Mtoto wa Bungoma aghalabu huanza na Lubukusu, au Kisabaoti akiwa wa upande wa Mlima Elgon. Yule wa Kitale, mji uliokuzwa na mashamba ya walowezi, hukisikia Kiswahili sokoni kikitumiwa na watu wa makabila mbalimbali kuelewana. Kile cha vitabuni humjia baadaye, pamoja na chaki.

Swali linalozuka ni kwa nini hadithi hizo, pamoja na wingi wa walimu wakali na wanafunzi watundu waliomo, hazikuelekea sana kwenye bunilizi za kisayansi. Haiwezi kudaiwa kwamba watoto hao walikosa mazoea ya mambo ya ajabu. Katika ngano za Kibukusu manani huwala watu, na Mango humwua joka lililowahangaisha wenzake, kisha hutahiriwa. Wala haiwezi kudaiwa kwamba anga lilikuwa mbali na Kenya. Kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya taifa, ikaitwa Uhuru. Neno la Kiswahili liliizunguka dunia miaka kumi na mitano kabla ya 8-4-4.

Sababu moja ni mgawanyo wa kazi baina ya lugha. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, kisha Kiingereza kishike nafasi yake kuanzia darasa la nne, na Kiswahili kifundishwe kama somo. Basi mwanafunzi wa Bungoma aliusoma mzunguko wa sayari kwa Kiingereza, na Kiswahili akakiachia ngeli, methali na insha. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi baada ya mwaka 1967, sayansi ilifundishwa kwa Kiswahili, na mwaka 1990 TUKI ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo, huko nako bunilizi za kisayansi za watoto hazikustawi kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Msamiati peke yake hauzai hadithi.

Hatuna budi basi kuitazama insha yenyewe. Mwanafunzi alituzwa kwa misemo, tashbihi na methali iliyothibitishwa kwa kisa cha kuaminika. Ajabu iliruhusiwa mradi mwisho wake msimulizi aamke na kugundua kwamba alikuwa akiota. Ndoto ikawa ndicho chombo cha angani cha mtoto wa shule, nacho kilitakiwa kirejee kabla ya kengele.

Hapa ndipo Ken Walibora (aliyefariki mwaka 2020), mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, anapostahili kusomwa upya. Katika Ndoto ya Amerika (2001) wanafunzi wanavutwa na tamaa ya kufika Marekani, nchi ambayo kwao ina sifa zote za sayari nyingine: utajiri usiopimika, njia isiyojulikana, na habari zilizoletwa na uvumi. Mwandishi hakuhitaji roketi. Alihitaji tu umbali baina ya mtoto na kile anachokitamani, na umbali huo Kitale ilikuwa nao wa kutosha.

Roketi ilikwisha kuingia katika riwaya ya Kiswahili ya Kenya kwa mlango mwingine. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha angani na kufika sayari ambayo jina lake linafumbuka likitamkwa polepole: wale ni sisi. Riwaya hiyo ni ya siasa, nayo yataka msomaji mkomavu; lakini hila yake ya jina ingefahamika kwa urahisi na mtoto wa darasa la sita apendaye vitendawili, na ni ajabu kwamba waandishi wa watoto hawakuichukua kwa wingi.

Siku Njema (1996), ya Walibora, ina safari ya upande wa pili. Kongowea, kijana wa Tanga, anavuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua, na mwisho wa safari yake uko Kitale. Kwa msomaji wa Kitale, huu ni mgeuko mkubwa: mji anamonunua daftari ndio ule wa mbali ambao mtu mwingine ameuota.