Dhoruba ya barafu ya 1998: Majuma ya giza na baridi katika nyumba za Quebec

MNAMO Septemba 2008, wakazi wa Busara karibu na Nyahururu walipigwa na butwaa walipoona mashamba na miteremko imefunikwa na barafu nyeupe. Wengi waliiita theluji, ingawa wataalamu walieleza baadaye kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikana ardhini.

Nchini Kanada, kitu kama hicho hakimshangazi hata mtoto. Theluji huko huanguka miezi minne au mitano kila mwaka, na watu huenda shuleni, kazini na sokoni kama kawaida. Nyumba hujengwa kwa kuta nene, madirisha yana vioo viwili, na ndani mwake mna joto la kumwezesha mtu kukaa na shati jepesi.

Lakini raha hiyo yote hutegemea jambo moja, nalo ni kuwepo kwa umeme au mafuta ya kupashia nyumba joto. Januari 1998, mamilioni ya watu katika mikoa ya Quebec na Ontario walijionea nyumba inavyogeuka kuwa pango la baridi pindi stima inapokatika.

MVUA ILIYOGEUKA BARAFU

Msiba huo haukuletwa na theluji yenyewe bali na mvua. Kati ya Januari 4 na 10, hewa yenye joto na unyevu kutoka kusini ilipanda juu ya hewa baridi iliyokuwa imetuama katika bonde la mto St. Lawrence.

Matone yalianguka yakiwa maji, yakapita katika hewa hiyo ya chini yenye baridi kali bila kuwahi kuganda, kisha yakawa barafu mara tu yalipogusa tawi, waya, paa au barabara. Hali hiyo ni ya kawaida katika eneo hilo, ila kwa desturi hudumu saa chache tu. Mara hii mvua ilirudi kwa awamu kadhaa, na katika sehemu nyingine jumla yake ikakaribia milimita 100.

Waya za umeme zilifunikwa na barafu nene kupita kiwango ambacho wahandisi walikuwa wamekadiria. Minara ya chuma ilijikunja na kuanguka, mmoja ukivuta mwingine, hadi takriban minara 1,000 ikawa chini. Nguzo za mbao zilizovunjika zilizidi 30,000.

Kwa jumla, watu zaidi ya milioni nne katika Quebec, Ontario, New Brunswick na majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani walikosa stima. Baadhi yao waliipata tena baada ya saa chache. Wengine walisubiri zaidi ya mwezi mmoja.

Walioteseka zaidi ni wakazi wa eneo lililo kusini mwa Montreal, baina ya miji ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu. Waliishi gizani muda mrefu hivi kwamba eneo lao likapewa jina la “pembetatu ya giza”.

KWA NINI NYUMBA ZILIPOA UPESI

Quebec ni mkoa wenye mito mikubwa, na karibu umeme wake wote hutokana na nguvu za maji. Kwa kuwa stima ilikuwa tele na bei yake nafuu, familia nyingi ziliacha tanuri za mafuta na majiko ya kuni, zikaweka hita za umeme katika kila chumba. Hatua iliyoonekana kuwa ya maendeleo ikawa udhaifu wakati wa dhoruba.

Hata wenye tanuri za mafuta au gesi hawakunusurika wote, kwani aghalabu tanuri hizo huhitaji umeme wa kuendesha feni au pampu inayosambaza joto. Aliyekuwa na jiko la kuni la zamani, ambalo pengine alikuwa amelihifadhi kama pambo, ghafla akawa tajiri wa mtaa.

Nyumba isiyo na moto haipoi mara moja. Kuta na samani hushikilia joto kwa saa kadhaa, kisha halijoto hushuka polepole usiku hadi usiku. Familia zilijifunza kuhamia chumba kimoja, zikaning'iniza mablanketi milangoni na madirishani, zikalala pamoja zikiwa zimevaa makoti na kofia.

MAJI, CHAKULA NA MWANGA

Tatizo la pili lilikuwa mabomba. Maji yanapoganda hutanuka, na paipu iliyojaa barafu hupasuka. Uharibifu wake hauonekani hadi joto litakaporudi, ambapo maji hufurika sakafuni na kuharibu dari na kuta.

Ndiyo maana wenyeji wa nchi za baridi hufundishwa kuacha mfereji ukidondoka kidogo kidogo ili maji yasitulie. Anayelazimika kuhama hufunga bomba kuu linaloingia nyumbani, kisha hufungua mifereji yote mpaka maji yaishe.

Kuhusu chakula, jokofu lililofungwa vizuri huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne. Sehemu ya kugandishia ikiwa imejaa pomoni, vyakula hubaki salama kwa saa 48 hivi, na ikiwa nusu ni saa 24. Mgeni anaweza kujiuliza kwa nini watu wasiweke nyama nje kwenye theluji. Wataalamu hawashauri hivyo, maadamu jua la mchana huyeyusha chakula na wanyama hukivamia. Njia bora ni kugandisha maji nje ndani ya makopo, kisha kuyaingiza makopo hayo jokofuni.

Mishumaa na betri ziliadimika madukani. Redio ndogo za betri zikawa kiungo cha pekee baina ya familia na serikali. Kila siku wananchi walisubiri kuwasikia Waziri Mkuu wa Quebec, Bw Lucien Bouchard, na mkuu wa shirika la umeme la Hydro-Quebec, Bw André Caillé, wakieleza ni mitaa ipi iliyorejeshewa stima.

Ijumaa ya Januari 9 ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Laini nyingi zilizopeleka umeme katika jiji la Montreal zilikuwa zimeanguka, na mitambo ya kusafisha maji ikakosa nguvu. Treni za chini ya ardhi zilisimama, na baadhi ya madaraja yakafungwa kwa sababu mapande ya barafu yalikuwa yakiporomoka juu ya magari. Jiji lenye mamilioni ya watu lilibakiwa na saa chache tu kabla ya kuishiwa na maji. Umeme ulirejeshwa kwenye mitambo hiyo kwa wakati, lakini wakazi waliagizwa kuchemsha maji ya kunywa, agizo gumu kwa asiye na jiko linalowaka.

KUBAKI AU KUHAMA

Kila familia ilikabiliwa na uamuzi mzito. Kubaki nyumbani kulimaanisha kulinda mabomba na mali, lakini pia kuhatarisha maisha ya watoto wachanga na wazee. Kuhama kulimaanisha kulala katika ukumbi wa shule au kanisa pamoja na mamia ya watu wasiojuana.

Makumi ya maelfu ya watu walikwenda katika vituo hivyo. Wengine wengi walipokewa na jamaa na marafiki waliokuwa na stima au jiko la kuni. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa dhoruba walikaa majuma, na jembe lao likawa kupasua kuni, kuchota maji, kupika na kuangalia watoto wa mwenyeji.

Wazee ndio waliokuwa wagumu zaidi kushawishika kuondoka. Polisi na wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi ili kuhakikisha kwamba hakuna aliyekuwa akiganda peke yake. Serikali ya Kanada ilituma zaidi ya wanajeshi 15,000, idadi ambayo haikuwa imewahi kushuhudiwa nchini humo katika kukabiliana na janga la kimaumbile.

Wakulima nao walikuwa na masaibu yao. Ng'ombe wa maziwa asipokamuliwa huumia na anaweza kuugua, na zizi lenye makumi ya ng'ombe haliwezi kutegemea mikono pekee. Jenereta moja ilizungushwa shamba kwa shamba, kila mkulima akipewa saa chache za kukamua. Hata hivyo, mamilioni ya lita za maziwa yalimwagwa kwa kuwa viwanda vilikuwa vimefungwa.

Katika mji wa Boucherville, injini ya garimoshi iliondolewa relini na kuendeshwa barabarani hadi karibu na makao ya baraza la mji, ili umeme wake utumike katika majengo muhimu.

GESI ISIYOONEKANA

Vifo karibu 30 vilihesabiwa nchini Kanada. Baadhi ya waathiriwa walikufa kwa baridi, wengine kwa mioto ya nyumba, na wengine kwa kuanguka walipokuwa wakibomoa barafu juu ya mapaa. Wapo pia waliouawa na kitu walichokiwasha wenyewe ili kujiokoa.

Makaa, gesi, petroli na kuni vinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, harufu wala ladha. Mtu akiivuta, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ingawa mapafu yanaendelea kupumua.

Dalili zake za kwanza ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mtu aliyechoka kwa baridi huzidhania kuwa homa. Aliyelala huenda asiamke tena.

Kwa hiyo jenereta haipaswi kuwekwa ndani ya nyumba, kwenye gereji wala kibarazani, bali nje kabisa, angalau mita sita kutoka madirishani na milangoni. Jiko la makaa la kuchomea nyama nalo halifai kuingizwa ndani hata dirisha likiwa wazi.

Somo hilo lilirudiwa kwa uchungu katika jimbo la Texas nchini Marekani, Februari 2021. Baridi isiyo ya kawaida ilikwamisha mitambo ya umeme na mabomba ya gesi, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zikakosa stima. Idara ya afya ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi, lakini wapo walioangamizwa na kaboni monoksaidi baada ya kuwasha magari ndani ya gereji au makaa ndani ya nyumba.

Nyumba za Texas zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya kustahimili jua kali, ilhali zile za Quebec zilijengwa kwa ajili ya baridi. Licha ya tofauti hiyo, gesi hiyo iliua kwa namna ileile.

Wakenya pia wanaijua hatari hiyo. Katika msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, hasa katika maeneo ya nyanda za juu, kuna familia zinazoingiza jiko la makaa chumbani, zikafunga mlango na dirisha, na kukutwa asubuhi zikiwa zimefariki.

MAKOVU NA MAREKEBISHO

Athari za dhoruba ya 1998 hazikuisha stima iliporudi. Watafiti wakiongozwa na Dkt Suzanne King wa Chuo Kikuu cha McGill walifuatilia wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo, pamoja na watoto waliozaliwa baadaye. Waligundua kwamba watoto ambao mama zao walipata dhiki kubwa zaidi, kama vile kukaa siku nyingi bila umeme, kwa wastani walikuwa nyuma kidogo ya wenzao katika lugha na uwezo wa akili.

Kwa upande wa serikali, Quebec iliunda tume iliyoongozwa na mhandisi Roger Nicolet kuchunguza kilichotokea, na mwaka wa 2001 ikapitisha sheria mpya ya kulinda raia wakati wa majanga. Shirika la Hydro-Quebec liliimarisha minara yake na kuweka mingine yenye nguvu zaidi kati kati, ili mmoja ukianguka usivute laini nzima.

Kwa wananchi wa kawaida, serikali ya Kanada huwahimiza wawe na akiba ya kuwatosha saa 72 bila msaada wa mtu yeyote. Akiba hiyo ni maji, angalau lita mbili za kunywa kwa kila mtu kwa siku, chakula kisichohitaji kupikwa, kurunzi, redio ya betri, dawa, mablanketi na pesa taslimu, kwani mashine za benki nazo huzima.

Ushauri huo una maana hata pasipo theluji. Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilikosa stima kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakumbwa na giza. Watu waliotegemea umeme kwa kila kitu, kuanzia maji ya pampu hadi simu ya kulipia chakula, ndio waliotaabika zaidi.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika pembetatu ya giza, familia zilizokaa pamoja katika nyumba moja yenye jiko la kuni zilitumia kuni chache kuliko kama kila moja ingewasha moto wake, na palikuwa na mtu wa kukesha akiuchunga moto huo huku wengine wakilala.