Kutengeneza, Kuunganisha, Kuunda

Ukiwa na redio iliyokufa pale Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, utamwambia fundi, "Nitengenezee." Ukitaka kabati jipya Keko, utasema vilevile: "Nitengenezee." Mtaani hakuna anayepotea, kwa sababu redio iko mezani na kabati halipo bado. Neno hilo likipanda jukwaani likawa "kiwanda cha kutengeneza sola", msikilizaji hana meza ya kuitazama. Anabaki kukisia ameahidiwa nini.

Paneli ya sola huanzia mbali. Mawe yenye silika huyeyushwa ili kupata silikoni, ikasafishwa mpaka isibaki doa, ikaundwa kuwa mche. Naam, mche, kama mche wa sabuni. Sioni haja ya kutafuta istilahi nyingine. Mche hukatwa vipande ambavyo unene wake haufiki robo ya milimita, kisha vipande hupitishwa kwenye kemikali na joto viwe seli. Mwisho kabisa ndipo seli huungwa moja kwa nyingine kwa tepe za shaba, zikalazwa katikati ya plastiki inayonata, kioo mbele, karatasi ngumu nyuma, zikabanwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi na kutiwa fremu ya aluminiamu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayofanyika Naivasha, Kenya, kwenye kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2011 kwa ubia wa Ubbink ya Uholanzi na Chloride Exide ya Kenya. Siku hizi kinaitwa Solinc. Seli kinaziagiza nje, na kimejikita katika paneli ndogo za nyumba zisizofikiwa na gridi. Jina halali la kazi hiyo ni kuunganisha. Silisemi kwa kubeza. Kuunganisha vizuri kunataka mikono iliyofunzwa na vipimo vikali, na aliyeunganisha leo ndiye mwenye nafasi ya kusogea hatua moja nyuma kesho. Lakini tukiita kuunganisha kutengeneza, tunajifunga macho tusione hatua zilizobaki, na hatuwezi kudai kisichoonekana.

Hatua hizo zina wenyewe. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2022 kwamba China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya uzalishaji wa paneli, na kwenye vile vipande vyembamba inazidi asilimia 95. Paneli iliyokamilika huingia Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, jambo jema kwa mama wa Chamazi anayetaka taa. Mwenye kiwanda hapa anashindana na bei ya paneli hiyo isiyotozwa ushuru, huku mali ghafi karibu yote akiiagiza.

Nalipenda neno la tatu, kuunda, neno la pwani hasa. Chombo cha bahari huundwa. Kule Kunduchi, fundi wa mashua hununua misumari dukani na mbao huletwa kutoka bara, wala hakuna anayembishia kwamba mashua kaiunda yeye, kwa sababu umbo lake limo kichwani mwake: akiambiwa aongeze tumbo au apunguze tezi, anajua pa kushika. Hicho ndicho kipimo ningekitumia kwa viwanda. Mali ghafi inaweza kutoka popote. Ninachouliza ni nani mwenye uwezo wa kubadili kitu bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, limekuwa na dhamana ya kusanifu istilahi tangu 1967, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina dhamana ya viwango. Natamani wakae pamoja waamue maneno haya yasimameje kwenye lebo, kwa Kiswahili, nyuma ya kila paneli. Lebo hiyo inaweza kuanzia kwenye kioo. Ukifuata barabara ya Kilwa ukaipita Mbagala, utafika Mkuranga, ambako kiwanda kikubwa cha vioo cha Sapphire kilizinduliwa mwaka 2023. Kioo ndicho kizito kuliko vyote kwenye paneli. Cha sola kinataka mchanga wenye chuma kidogo mno, tena kikazwe kwa joto, kwa hiyo kile cha dirisha hakitafaa hivihivi. Hata hivyo hatua hiyo iko karibu nasi kuliko seli. Siku ikifikiwa, lebo ya paneli itakayounganishwa Chang'ombe, hapa Temeke, isomeke hivi: kioo kimeundwa Mkuranga, seli zimeagizwa China, paneli imeunganishwa Temeke.